Salamu za Warumi 16 na Walimu wa Watoto Wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu haukutulia. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, wengi mnajua. Usiku mmoja, rundo la madaftari bado liko mezani, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Mzazi mmoja alikuwa ameandika kwenye kundi la wazazi kwamba mtoto wake hafundishwi kitu. Wengine wakadakia. Hakuna aliyemuuliza mwalimu kwanza. Alisoma ujumbe wote, akailaza simu kifudifudi, akavuta daftari linalofuata, na kumbe lilikuwa la mtoto huyo huyo. Alikaa nalo kuliko mengine yote, akimchorea herufi za nukta nukta za kufuatisha, mstari baada ya mstari, kwa sababu mtoto bado anaigeuza "b" inakuwa "d".

Aliyewaka ni mimi. Majibu nilikuwa nayo mdomoni, tena makali. Hasira hiyo nimeingia nayo kwenye maombi siku baada ya siku, nikimwomba Mungu anyamazishe watu. Badala yake nimebaki na swali moja: katika wazazi wote wale, ni nani amewahi kumwambia mwalimu huyu jambo moja jema alilomtendea mtoto wake?

Ndipo nikafungua Warumi 16. Ile sura huwa tunairuka, tunasema ni majina tu. Lakini tazameni. Paulo amemaliza mambo mazito ya wokovu, angeweza kufunga waraka kwa kusema "nawashukuru wote". Hakufanya hivyo. Anamtaja Fibi, kwamba amewasaidia wengi, na yeye Paulo mmojawapo. Anawataja Priska na Akila, kwamba walihatarisha shingo zao kwa ajili ya uhai wake. Mariamu anatajwa kwa taabu yake kwa ajili ya washirika. Mama yake Rufo anatajwa kwa kuwa amekuwa mama kwa Paulo pia. Wengi wametajwa kwa jina na kwa tendo, tena katika waraka uliosomwa mbele ya kanisa zima.

Hiyo ndiyo shukrani ninayoitamani kwa walimu wetu. "Asante kwa kazi nzuri" si mbaya, ila inaweza kuandikiwa mtu yeyote. Mwambie mwalimu: "Ulipogundua haoni ubao, ukamhamishia mbele, ukatuita. Tumempima macho, sasa anasoma." Mwambie: "Alikuwa anaogopa kusimama mbele ya wenzake, juzi amesoma somo kanisani bila kutetemeka." Mwambie: "Ile njia ya pili ya kugawanya uliyomwonyesha ndiyo iliyomfungua." Mzazi anayeandika hivyo ameangalia. Na mwalimu anayesoma hivyo anajua ni kipi katika kazi yake kimezaa, kwa sababu wengi wao hupanda kwa mtoto jambo ambalo litaonekana miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mbali, na wao hawapo kuliona.

Ukishamwandikia mwalimu, mwandikie na mkuu wa shule. Malalamiko yetu hufika ofisini kabla jua halijazama, lakini sifa tunaziachia getini. Barua moja yenye jina na tendo ikiingia kwenye faili la mwalimu, itamsemea siku ambayo wewe haupo. Watoto nao wasinakilishwe sentensi moja ubaoni, wote arobaini. Muulize mtoto, "Mwalimu alikusaidia nini ulipokwama?" kisha umwache aandike hicho hicho, hata kama herufi zimepinda.

Nanyi mliomaliza shule zamani, mtafuteni mwalimu wenu. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, na Bwana aliuliza wale wengine wako wapi. Mimi nilikuwa na mwalimu wa hesabu aliyebaki nami muda wa mapumziko, wenzangu wakicheza, mpaka nikaelewa hesabu za sehemu. Nilipompigia simu nikiwa mtu mzima nikamwambia hilo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado naandika saba yangu kama moja. Alikuwa amestaafu, na bado alikuwa amebeba mwandiko wangu kichwani. Namshukuru Mungu kwamba nilimpata akiwa hai.

Sasa niseme na wazazi wenzangu, na mnivumilie. Zawadi ya siku moja haifuti ulimi wa mwaka mzima. Mtoto aliyesikia mezani nyumbani kwamba mwalimu wake hana akili, kesho asubuhi amsikilize kwa masikio gani? Tunawataka walimu wawafundishe watoto wetu heshima, na sisi wenyewe tunaibomoa jioni. Bwana ametufundisha katika Mathayo 18, ndugu yako akikukosa, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Hakusema tuanzie kwenye kundi la watu mia. Inawezekana kabisa lalamiko lako ni la kweli; nenda umwone, mkae, mzungumze. (Mtoto akiwa ameumizwa au yuko hatarini, hapo usisubiri mazungumzo ya wawili, toa taarifa mara moja kwa wanaohusika.) Na tuende shuleni hata siku ambayo mtoto hana kosa. Mwalimu akituona sura zetu siku za kesi tu, atatuogopa, na kuogopwa si kuheshimiwa.

Kuhusu zawadi nitasema machache. Isiwe mashindano yanayomwaibisha mzazi asiye na kitu. Changeni kwa siri, itolewe kwa jina la darasa zima. Na anayeleta bahasha wiki ya mitihani ajipime mbele za Mungu, maana Kumbukumbu la Torati 16 inasema rushwa hupofusha macho ya wenye akili.

Wakuu wa shule na kamati, kuna shukrani iliyo mikononi mwenu peke yenu. Kikao kisicho na ajenda, kifuteni. Mwalimu aliyefiwa, mpeni nafasi ya kuzika bila kunung'unikiwa. Mshahara utoke siku yake, kwa sababu Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na keki ya Siku ya Walimu haiwezi kuzima kelele hizo. Siku yenyewe, tarehe 5 Oktoba, inayoadhimishwa duniani tangu 1994, inakumbuka pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, na ndani yake mna mishahara na mazingira ya kazi. Paulo naye hakuweka mpaka alipowaandikia Wagalatia: "Mwanafunzi na amshirikishe mkufunzi wake katika mema yote."

Yule mzazi sijamjibu. Mke wangu amemwalika waonane, na ameniomba nimwombee mzazi huyo kwa jina. Naomba, ingawa bado ni vigumu. Jumapili tukikutana, kila mmoja aje na jina la mwalimu mmoja na jambo moja alilolitenda, liwe limeandikwa. Tutawaombea jina kwa jina, na karatasi hizo zisibaki kanisani. Jumatatu asubuhi zifike kwa wenyewe.