Misumari ya York

Mjomba wangu ni seremala hapa Kihesa, Iringa, na hakuniamini nilipomweleza kwamba katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, maseremala wa kale ndio waliokuwa na haki ya kuigiza Ufufuko wa Yesu. Tangu karne ya 14, katika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo sisi tuliokulia karibu na Tosamaganga tunaifahamu kwa maandamano yake, vyama vya mafundi wa York vilipitisha mitaani michezo iliyosimulia Biblia tangu uumbaji hadi siku ya hukumu, kila mchezo juu ya mkokoteni wake, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Kinachonivutia ni mgawanyo wenyewe. Waunda meli walijenga safina ya Nuhu mbele ya watu, kisha wavuvi na mabaharia wakaipokea hadithi gharika ilipoanza. Waokaji mikate walipewa Karamu ya Mwisho. Kusulubiwa kuliwaangukia watengeneza pini na misumari, na katika mchezo wao askari wanalalamika kwamba matundu ya msalaba yametobolewa mbali mno, hivyo inawabidi kuivuta mikono ya Yesu kwa kamba. Ni mzaha mchungu wa mtu anayeijua kazi mbovu, na Mjomba aliuelewa kabla sijamaliza kuusimulia.

Michezo hiyo ilikoma mwaka 1569, baada ya Uingereza kuachana na Ukatoliki, ikafufuliwa mwaka 1951.

Shuleni kwetu, siku ya utamaduni ilikuwa kuvalishwa migolole ya kuazima na kucheza ngoma ambayo hakuna aliyetueleza maana yake. Labda ndiyo sababu siku hizi ninajiburudisha kwa kuwagawia mafundi wa Iringa historia ya Uhehe: waashi wapewe ukuta wa mawe wa ngome ya Kalenga, wahunzi wapewe Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, mikuki ya Wahehe ilipokiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, nao kina mama wanaosuka vikapu vya milulu wapewe ile miaka ambayo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliishi porini akiwindwa na Wajerumani, maana chakula chake hakikujipeleka chenyewe.

Fuvu lake, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, lilinishinda kulipangia chama. Mjomba aliweka randa chini.

“Hilo ni letu maseremala,” akasema. “Kwani lilibebwa mkononi?”