Nilivyopata swichi za chuma za kubonyeza kwa amplifaya ya kujiundia

Kasha la alumini lilikuwa tayari, limepigwa msasa likang'aa, ila kila swichi niliyopata ilikuwa ya plastiki nyeusi. Maduka ya redio ya Luthuli Avenue, Nairobi, yalinionyesha hizo hizo. Nikachomoa kibonyezo kwenye deki mbovu: plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na shina fupi lisilovuka bati.

Kilichosaidia ni kuacha kuulizia swichi ya redio. Niliingia kwa wauza vifaa vya paneli za mitambo, wenye kontakta (swichi za sumaku za kuwashia mota) na taa za ishara. Huko zimejaa: chuma cha pua, duara la taa katikati, za milimita 16, 19 na 22.

Omba inayokaa ikibonyezwa. Nyingine hurudi ukiinua kidole, na kwa macho hazina tofauti, kwa hiyo ibonyeze hapo hapo dukani.

Kisha soma maandishi ya ubavuni, maana voti za taa si voti za swichi. Yangu inabeba 250V 5A, lakini taa yake ni ya 12V. Umeme wa nyumbani unapita kwenye miguu ya C (wa pamoja) na NO (unaogusana na C ukibonyeza); taa, yaani + na −, inakula 12V ya ndani ya amplifaya. Ukichanganya, taa inakufa papo hapo.

Yangu ni ya milimita 19, na hicho ni kipimo cha shina lenye nyuzi za kufungia nati. Kichwa ni kipana zaidi na hufunika kingo za tundu. Nilitoboa kwa biti ya ngazi (ya umbo la koni yenye vidato), pete ya mpira ikakaa nje, nati ndani. Kabla ya kuchomeka plagi, waya wa ethi nikaufunga kwenye kasha.