"Mwanangu, Kofia Hailiwi"

Maneno hayo nimeambiwa na baba mdogo, sebuleni kwa mama, Mbagala, mbele ya majirani waliokuja kunipokea. Hata begi lilikuwa halijafunguliwa lote. Nilikuwa nimetoa helmeti, koti, glavu na buti nilivyombebea mdogo wangu wa mwisho, ambaye anataka kuanza kuendesha pikipiki. Baba mdogo akauliza bei. Nikamtajia: helmeti pauni 85, koti 90, glavu 30, buti 65. Akapiga hesabu palepale kwenye simu, ikaja karibu laki tisa, akatikisa kichwa. "Laki tisa si ndogo. Hiyo ni hesabu ya miezi mitatu ya pikipiki ya mkataba, ile unayomlipa tajiri kila siku mpaka iwe yako. Ungeongeza ukamletea kijana chombo, wewe umemletea nguo. Na ajali haina kinga."

Nimeudhika, sifichi. Watu wa Ulaya tumezoea kuitwa wabahili, hilo mtu unalimeza. Lililonikaa kooni ni hilo la ajali haina kinga, kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna kijana aliyerudi kutoka MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, akiwa na vyuma vimetokeza nje ya ngozi ya mguu. Nilikwenda kumpa pole. Mama yake alikuwa ameinama anasafisha pale chuma kinapoingia nyamani, kwa pamba, tundu moja baada ya jingine, na kijana ameuma shuka. Siku ya ajali alikuwa amevaa ndala. Kiwanja chao cha Chamazi kimeuzwa. Na baba mdogo huyuhuyu ni mmoja wa waliochanga, tena alichanga vizuri, simnyimi sifa yake. Michango ya hospitali tunaipata, ya msiba tunaipata mara mbili. Ya buti ndiyo inayoonekana anasa.

Niwaambie mimi nilivyofika kwenye pikipiki, maana kuna wanaodhani ni mbwembwe. Naishi Leeds, Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mteja wa kwanza anatakiwa awe ameamshwa na kuogeshwa asubuhi na mapema, na basi la mtaani kwangu kwa saa hizo halijaanza. Gari lilinishinda kwa bima. Nikaamua pikipiki ya cc 125.

Uingereza huwezi kuingia nayo barabarani hivihivi. Kuna mafunzo ya lazima yanaitwa CBT, yalianza mwaka 1990. Kwanza unapimwa macho kwa kusomeshwa namba ya gari lililosimama mita 20 hivi kutoka ulipo. Halafu uwanjani: kuwasha, klachi, kugeuka, kusimama ghafla. Kisha mnatoka barabarani na mwalimu kwa saa zisizopungua mbili, anakuongelesha sikioni kwa redio. Akiridhika unapewa cheti cha miaka miwili, unabandika herufi L nyekundu mbele na nyuma, huruhusiwi abiria, huruhusiwi zile barabara zao kuu za motawei. Asiporidhika unarudi siku nyingine.

Siku yangu alikuja jamaa mmoja na raba za kitambaa. Mwalimu akamtazama miguu, akamwambia rudi nyumbani, nitakupangia siku nyingine, hela yako haijapotea. Nikajua zamu yangu imefika, maana koti langu lilikuwa la mvua tu la sokoni. Yule mzee akaingia stoo, akatoka na koti lenye kinga za viwiko na glavu za saizi yangu. Akanifunga mwenyewe mkanda wa helmeti, akashika nyuma ya helmeti na kuisukuma kwenda juu na mbele kuona kama itachomoka. Haikuchomoka. Hakunitoza hata senti kwa kuniazima. Mimi mgeni, mweusi, Kiingereza changu cha kuunga, na mtu wa watu ananihangaikia kichwa kama mwanawe. Nilipanda pikipiki na machozi.

Basi msidhani kule ni wema mtupu. Bima ya mwaka wa kwanza ilinila pauni 600 na ushee kwa pikipiki iliyotumika, na nyie mnajua bima kubwa ya bodaboda hapa ni bei gani. Pikipiki zinaibwa mchana kweupe, unafunga mnyororo mzito kuliko mfuko wa unga. Januari barabara ina barafu usiyoiona. Usiku unarudi vidole huvisikii.

Na hapa niwaase mnaojiandaa kuja, kwa sababu kila nikirudi likizo vijana wa kijiweni wananiuliza kuhusu kusambaza chakula kwa pikipiki. Leseni ya Tanzania inakufaa kule miezi 12 tu, baada ya hapo unaanza upya na leseni ya mwanafunzi. Aliye kwa viza ya masomo haruhusiwi kujiajiri, na kazi zile za programu za simu zinahesabiwa ni kujiajiri. Ukikodi akaunti ya mtu, siku ukikamatwa unarudishwa na deni la ada liko palepale. Na mlango wa wahudumu wa wazee kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje ulifungwa Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo hapa Dar anakuibia.

Sasa turudi kwenye helmeti, maana ndiyo iliyodharauliwa.

Kilicho ndani ya helmeti nzuri ni povu gumu linalobonyea likipigwa, ili ubongo usipokee kishindo chote. Likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haiuzwi, haiazimwi, na ya mtumba usinunue hata kama inang'aa, hujui ilianguka na nani. Zile za elfu ishirini za kijiweni nimezishika nikazichungulia ndani: nyingine zina sponji laini tu na ganda la plastiki. Trafiki atakuachia. Lami haitakuachia.

Ukitaka kujua unachonunua, tafuta lebo iliyoshonwa, kwa kawaida kwenye mkanda wa kidevuni. Kiwango cha sasa cha ECE, yaani kile cha usalama kinachotumika Ulaya, ni 22.06. Kwenye lebo kuna duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: E3 ni Italia, E9 Hispania, E11 Uingereza. Kuna na herufi ya aina: P ni ile inayokinga mpaka kidevu, J ni ya uso wazi. Hizi za kufunua mbele angalia kama ina P na J zote mbili. Kama haina P, kile kidevu ni pambo. Za kutoka India zina alama ya ISI, ya viwango vya kwao, nazo ni afadhali mara kumi kuliko isiyo na alama yoyote. Stika ya nje peke yake msiiamini, stika inachapwa popote.

Bei kubwa nayo isikutishe wala isikulaghai. Serikali ya Uingereza ina mpango unaitwa SHARP, ulianza mwaka 2007, unapima helmeti na kuzipa nyota mpaka tano, na zipo za chini ya pauni 100 zenye nyota tano zikizipita za bei kubwa. Ya mdogo wangu niliichagua huko. Na kule helmeti ya pikipiki haitozwi VAT, kwa sababu tangu mwaka 1973 ni kosa kupanda bila kuivaa na wameona wasiifanye iwe mzigo. Hilo ndilo ningependa wakubwa wetu waliige kabla ya lingine lolote. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Baba mdogo, hiyo ndiyo kinga ya ajali.

Saizi: ikubane mashavu mpaka midomo ijitokeze kidogo, isikuume paji la uso. Ukitikisa kichwa isicheze peke yake. Dada zangu, jaribuni mkiwa na nywele mnazosuka siku zote. Mimi nasuka twende kilioni, kwa sababu nikiweka rasta nene helmeti inakaa juu juu na mkanda haufungi pake. Kioo cheusi ni cha mchana. Usiku, Kilwa Road, na malori yale, weka kioo cheupe.

Koti. Kila mtu ananiambia joto la Dar. Lakini piteni kijiwe chochote saa kumi na mbili asubuhi: vijana wamevaa majaketi ya baridi ya mtumba, mengine wameyageuza kifua nyuma, wanakwepa upepo. Joto lilelile wanalivumilia. Basi kwa nini jaketi hilo lisiwe na kinga? Nililomletea ni la wavu, upepo unapita, na lina kinga mabegani, viwikoni na mgongoni. Asiye na ndugu wa kumbebea aende Ilala, mitumba ya Karume, asubuhi wakifungua mabalo. Nimepita wiki hii, nikakuta koti la pikipiki limetundikwa katikati ya makoti ya baridi, muuzaji hajui tofauti. Nikabonyeza kiwiko, nikahisi bamba gumu. Nikafungua zipu ya ndani nikalitoa: limechorwa kijipicha cha mwendesha pikipiki, limeandikwa EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha kinga za waendesha pikipiki, daraja la 2. Tukapatana elfu 25. Nimempa kijana wa pale kijiweni ambaye hakucheka. Koti, tofauti na helmeti, mtumba wake ukikagua mishono unafaa.

Glavu ni lazima, kwa sababu ukianguka mikono ndiyo inayotangulia, hukuamua wewe. Buti zipite kifundo cha mguu na zisiwe na kamba ndefu za kunasa kwenye gia. Jinzi ya kawaida ikiburuzwa kwenye lami hutoboka mara moja, lakini kama hela haitoshi anza na hivyo vingine, suruali itakuja.

Pikipiki yenyewe ndiyo iliyo rahisi kuchagua hapa Dar. Kwa anayeanza, Boxer au TVS ya 125, iliyotulia, si hizi ndefu za matope. Kaa juu yake, nyayo zote mbili ziguse chini zikiwa bapa. Isukume ikiwa imezimwa, uone kama unaimudu kilimani. Spea zipo kila kona na fundi hakosi, na hilo ni kubwa kuliko sura. Ya mtumba, linganisha namba ya chesisi na kadi kabla ya kuuliza bei, tazama mnyororo na meno ya sproketi, zungusha rimu uone kama inayumba.

Ninachogombana nacho ni breki. Uingereza pikipiki mpya hata za cc 125 zinatakiwa ziwe na ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikaba breki, au breki zilizounganishwa za mbele na nyuma. Hapa nyingi ni dramu mbele na nyuma, na juu ya hayo vijana wanafundishana kuogopa breki ya mbele, eti itakurusha. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, ukiibinya taratibu na kuongeza. Mdogo wangu tumemtafutia uwanja wa shule, Jumapili, arudie kusimama mpaka mkono uzoee, kwanza kwenye pagumu kisha penye mchanga, maana mchanga wa pembeni mwa barabara za Mbagala ndio utakaomkuta siku daladala litakaposimama mbele yake bila taarifa.

Na nimekataa pikipiki ya mkataba kwa kuanzia. Hapo tumevutana na baba mdogo mpaka usiku. Mtu anayedaiwa elfu kumi kila jioni hajifunzi, anakimbiza. Atachomekea, ataingia njia ya mwendokasi, atapakia mishikaki, kwa sababu tajiri anasubiri hesabu. Miezi ya mwanzo aendeshe peke yake, hana abiria, hana deni la siku. Nitaongeza hela ya chombo mwenyewe kwa sharti hilo na la kuvaa, na leseni ya pikipiki aipate kwa kufanya mtihani, si kwa kununuliwa. Ameshakubali, mama akiwa shahidi.

Jumamosi tunakwenda kuangalia TVS moja Tandika pamoja na fundi. Mama naye jana kaniuliza, kama mtoto amevaa, yeye akipelekwa kanisani atavaa nini. Kwa hiyo anayejua duka hapa Dar lenye helmeti ya mtu mzima ya kike, kichwa saizi 56, yenye lebo ya kweli ndani, aniandikie na bei. Narudi Leeds mwisho wa mwezi na ningependa niiache imeshajaribiwa kichwani kwake.