Siku Moja Karakanani: Lori la Nitro Linapohamia Umeme

Saa 12:15 asubuhi

Karakana yangu iko Ngara, Nairobi, orofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya stima. Natengeneza magari ya rimoti, droni na chochote chenye mota ndogo ndani. Leo nimeifuta ratiba yote nibaki na kazi moja: kulihamishia umeme HPI Savage X 4.6, lori la rimoti la injini ya nitro, la kipimo cha 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), la mzee mmoja wa Kileleshwa. Mwanawe alilinunua akisoma Uingereza, likaja nyumbani kwa meli pamoja na vitu vingine, kisha likakaa stoo. Sasa wajukuu wameliona na hawataki kusikia kingine.

"Fundi, mimi makelele siyataki," mzee aliniambia alipolileta. "Majirani walishanilalamikia. Na hayo mafuta yake nimeyatafuta mji mzima."

Namwelewa. Mafuta ya nitro si petroli ya kituoni. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na kwa sababu yanashika moto upesi, kuyaagiza kwa ndege ni shughuli na gharama. Halafu kuna jambo la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini ya lori hili, ya sentimita za ujazo 4.6, inavuta hewa pungufu, nguvu inashuka, na ile sindano ya kabureta iliyosetiwa Uingereza haifai tena hapa. Kila asubuhi ya baridi unaanza upya kuitafutia mlio wake. Mota ya umeme haivuti hewa. Hewa nyepesi inaigusa kwa njia moja tu, kwenye kuipoza, na hilo nitalirudia jioni.

Kabla ya chai naweka betri chaji. Ni lipo, yaani betri za lithiamu-polima, mbili za seli mbili mbili, kila moja mAh 5000, nazichaji kwa ampea 5. Zinakaa ndani ya sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, nililonunua Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Ndani nimelipanga matofali, na juu nimetoboa matundu ya moshi kutokea. Chumba hakiachwi bila mtu lipo zikiwa kwenye chaji. Sheria hiyo kijana wangu wa mkono aliisikia siku ya kwanza, kabla hata sijamwonyesha bisibisi zinakaa wapi.

Saa 2 asubuhi

Kubomoa. Injini, tangi, egzosi, klachi, kibati cha breki na sevo ya kabureta (kimota kinachoivuta kwa amri ya rimoti) vinatoka. Sevo ya usukani inabaki. Kisanduku cha betri za risiva, kipokezi cha amri za rimoti, nacho kinatoka, kwa kuwa kidhibiti mwendo cha umeme kina njia yake ya kulisha risiva na sevo.

Chini ya injini kuna uchafu ambao kila aliyefungua gari la nitro anaujua: mafuta ya nyonyo yaliyopikwa na joto, yakachanganyika na vumbi, yakawa gamu ya kahawia inayong'ang'ania kila pembe. Tunaanza na mafuta ya taa na brashi, tunamalizia na spiriti. Beringi tunazitoa moja moja na kuzizungusha kidoleni. Ile inayokwaruza inawekwa kando. Mota hii itazungusha shafti kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza, na beringi mbovu itakuwa ya kwanza kulia.

Injini naidondoshea mafuta mepesi kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, naizungusha kwa mkono, kisha naifunga kwenye mfuko wa plastiki. Methanoli huvuta unyevu, na injini ya nitro iliyoachwa bila mafuta hufanya kutu ndani hata kama nje inang'aa. Ni mali ya mzee, atarudishiwa ikiwa hai.

Saa 4 asubuhi

Kutoka Ngara nashuka kwa miguu, navuka mto, naingia Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunapaita Grogan. Hapo spea za magari zimepangwa hadi barabarani, na nyuma ya maduka wako wakereza. Ninayemwendea ni mzee wa makamo ambaye hachukui kazi bila kuishika kwanza na kuigeuzageuza.

"Habari ya kazi, mzee wangu?"

"Nzuri, fundi. Leo umeniletea kitoto gani?"

Namwonyesha mota. Ni Hobbywing ya 4274, maana yake kipenyo milimita 42 na urefu milimita 74, shafti milimita 5. Nataka kishikilio cha umbo la L, bamba la alumini la milimita 6, na sharti langu ni moja: matundu ya chini yalingane na yale ya kishikilio cha injini. Chasisi ya Savage ni mabamba mawili yaliyosimama wima sambamba, na injini hukaa katikati. Sitaki kutoboa tundu jipya hata moja kwenye mabamba hayo. Akija mtu miaka mitano ijayo akataka kurudisha nitro, afungue skrubu nne tu.

Matundu ya kushikilia mota yenyewe tunayafanya marefu badala ya duara, ili mota iweze kusogezwa mbele na nyuma kutafuta mkao wa gia. Mkereza ananiuliza inasogea kiasi gani. Namwambia milimita 6 zinatosha kubadilisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kubwa na ndogo. Anapima kwa kalipa, anapima tena, anachora kwa msumari juu ya alumini, ndipo anapowasha mashine. Anapomaliza ananikabidhi bamba likiwa bado na joto, kingo zote amezipiga tupa. Kazi ya namna hii duka la mtandaoni lingenichukua wiki kadhaa na ushuru juu yake.

Saa 7 mchana

Chapati na madondo kwa mama wa pale chini. Mvua imeanza kutishia.

Saa 7:40

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi wanaonijia wanauliza mota ni ya nguvu gani, na wachache wanauliza nguvu hiyo itapita wapi. Lori la nitro lilipangwa kwa ajili ya injini ambayo chini haina nguvu. Klachi yake inateleza kwanza, ndipo inashika, na giaboksi ina mwendo wa kwanza na wa pili. Mota isiyo na brashi inatoa msukumo wake mkubwa ikiwa bado imesimama, na hakuna klachi ya kuulainisha. Ukiifunga tu na kubonyeza, kitakachoumia ni meno ya gia.

Naanza na giaboksi. Mwendo wa pili nautoa pamoja na klachi yake ndogo, nabakisha wa kwanza. Halafu kuna kitu ambacho mara nyingi kinasahaulika: gia ya kwanza inakaa juu ya beringi ya njia moja. Inafanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli, ukikanyaga linashika, ukiacha linateleza. Kwenye nitro hiyo ni sawa, maana breki ni kibati kilicho upande wa magurudumu. Lakini sisi kibati tumekitoa, na sasa mota ndiyo itakayofunga breki. Beringi hiyo ikibaki, mota itasimama na lori litaendelea kuteleza hadi ukutani. Rivasi nayo haitapatikana. Kwa hiyo naiondoa na kuweka kitovu kigumu kinachoshika pande zote mbili.

Sasa hesabu. Mota ni ya 2200KV, yaani kila volti moja inaipa mizunguko 2,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Betri zetu mbili zikiungwa mfululizo ni seli nne, volti 14.8. Zidisha: mizunguko 32,560. Hiyo iko jirani na kasi ya juu ya injini ya nitro ya ukubwa huu, na ndiyo sababu nimechagua seli nne. Kidhibiti mwendo, Hobbywing MAX8 ya ampea 150, kinabeba hadi seli sita, na mzee aliwahi kuniuliza kwa nini tusiende huko. Seli sita ni volti 22.2, mizunguko 48,840. Difu za zamani, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, haziwezi kuishi na hiyo, wala wajukuu hawahitaji lori la kilo kadhaa linalopita kama risasi kwenye uwanja wa mtaa.

Gia kubwa ina meno 47. Pinioni ya kuanzia naiweka ya meno 18, uwiano 2.61. Kuanza na ndogo ni usalama: ikiwa lori ni zito kwa mota, joto litapanda polepole na utaliona mapema.

Kukaza mkao wa gia tunatumia kipande cha karatasi ya daftari. Kinapita kati ya meno, mota inasukumwa hadi igande, skrubu zinakazwa, karatasi inatolewa. Ikitoka imekunjwa lakini haijachanika, mkao ni mzuri. Kijana wangu anafanya mwenyewe mara hii, nami nazungusha gia mzunguko mzima nikitafuta mahali panapobana. Skrubu ya kubana pinioni inakaa juu ya sehemu bapa ya shafti, na inapakwa gundi ya skrubu. Chuma kwa chuma kikitetemeka hufunguka.

Saa 9:20 alasiri

Kusoda. Waya nene zinataka pasi yenye joto la kutosha. Pasi dhaifu inakulazimu kukaa juu ya waya muda mrefu hadi ganda la plastiki linayeyuka, na bado risasi ya kusodia haijaingia ndani ya nyuzi. Naweka fluksi, naishika waya kwenye kibano, risasi inatiririka yenyewe na kung'aa. Waya wa kuunga betri mfululizo nautengeneza mwenyewe: chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ncha mbili zilizobaki ndizo zinaenda kwenye kidhibiti. Betri zinakaa kila upande wa chasisi, moja kulia na moja kushoto, uzito unalingana.

Mota haina sensa ya kukiambia kidhibiti imekaa vipi, ina waya tatu tu. Ikizunguka kinyume unabadilishana waya mbili zozote kati ya hizo. Yetu imezunguka sawa mara ya kwanza.

Kwenye programu ya kidhibiti naweka kikomo cha chini cha betri cha volti 3.4 kwa kila seli, breki ya wastani, na nguvu ya kuondokea naishusha karibu na chini kabisa. Hii ya mwisho naitilia mkazo kwa kila mteja. Ndiyo inayofanya kazi ambayo klachi ilikuwa ikifanya.

Saa 11 jioni

Mvua imepita upande wa Westlands, sisi tumebahatika. Uwanja wa murram nyuma ya estate uko mtupu, nimemwomba mlinzi ruhusa kama kawaida. Lori linaondoka taratibu, linatikisika kidogo kwenye mwendo wa chini kabisa kwa sababu ya kukosa sensa, kisha linanyooka. Sauti pekee ni matairi juu ya changarawe na mluzi mwembamba wa gia. Watoto waliokuwa wakicheza mchezo wa kati pembeni wanakuja mbio.

Baada ya dakika kumi napima kwa kipimajoto cha miale. Mota nyuzi 61, kidhibiti 48. Nikiona mota imefika 80 nasimamisha kila kitu, kwani sumaku zilizo ndani hupoteza nguvu zikichemka, na nguvu hiyo hairudi zikipoa. Hapa ndipo hewa nyepesi ya Nairobi inapodai haki yake: feni ileile inapuliza hewa kidogo kuliko ingepuliza pwani. Hata hivyo nafasi ipo. Tunaweka pinioni ya meno 20, tunarudi uwanjani, mota inafika 69. Tunaishia hapo.

Kitu kimoja hakinipendezi. Lori likiondoka kwa nguvu kutoka kusimama, difu ya nyuma inatoa mkwaruzo mfupi. Nalisukuma kwa mkono, naushika ule mlegeo kati ya meno. Ni gia zake za asili, 43 kwa 13, meno membamba yaliyokwisha kulika. HPI wenyewe walitoa gia nene za meno 29 kwa 9 kwa ajili ya lori hilihili. Uwiano unabadilika kidogo mno, kutoka 3.31 hadi 3.22, lakini kila jino lina nyama ya kutosha.

Saa 1 usiku

Nampigia mzee. Namweleza lori linakwenda, na namweleza difu pia, kwa sababu angelichukua leo angekuwa amerudi kabla ya mwezi kwisha.

"Nyuma tu, au na mbele?"

"Zote mbili, mzee. Mbele bado haijalia, lakini ni za umri mmoja."

Anafikiri kidogo. "Haya, weka. Na hizo betri, nikikaa bila kulichezesha?"

Namwambia asiziache zimejaa wala zimekwisha. Volti 3.8 kwa kila seli ndizo za kulalia, chaja yake inajua kufika hapo yenyewe kwa kubonyeza mara moja, na ikivimba yoyote asiichaji tena, aniletee.

Kijana wangu amekwisha kuziweka kwenye hali hiyo. Gia za 29 kwa 9 ninazo seti moja kwenye droo, ya pili nitaiulizia kesho kwa mwenzangu wa Mombasa ije na basi la usiku. Difu ya nyuma tutaifungua asubuhi, na pete nyembamba (washa) za kupangia mkao wake nimeshazitoa mezani.