Madeni ya kubeti: usianze kwa kulipa

Familia ikigundua kwamba mtu wao amezama kwenye madeni ya kamari, mara nyingi hukimbilia kuchangishana, kuuza kitu na kufuta deni lote kwa siku moja. Nia ni njema kabisa, lakini kwa maoni yangu hakuna msaada unaoharibika haraka kuliko huo. Akaunti za kubeti bado ziko wazi, mkopeshaji anampandishia kiwango cha kukopa kwa kuwa amelipa vizuri, na yeye bado anaamini kwamba hela iliyoliwa inaweza kurudi.

Kwa hiyo zifungwe njia kwanza. Kampuni nyingi za kubeti zenye leseni zina utaratibu wa mteja kuomba afungiwe akaunti. Omba muda mrefu, kuanzia miezi 6, maana yale mapumziko ya saa 24 hayasaidii mtu aliyefika hapa. Funga kila akaunti, hata ile isiyotumika, kwa sababu ndiyo itakayokumbukwa usiku. Uingereza wana GAMSTOP, ambako kujiandikisha mara moja kunakufungia kampuni zote za mtandaoni zenye leseni yao. Pasipo na mfumo wa namna hiyo, andikia kampuni mojamoja na utunze majibu. Weka kwenye simu programu ya kuzuia tovuti za kamari, na nywila yake aiweke mtu mwingine. Futa programu za mikopo ya simu. Mshahara uingie kwenye akaunti ambayo mtu unayemwamini anashika kadi yake, kisha upewe matumizi ya wiki. Inauma kwa mtu mzima, najua, lakini ni kwa muda.

Baada ya hapo, madeni yaandikwe. Usitegemee kichwa. Chukua taarifa za benki na za pesa za simu za angalau miezi 3 na upitie mstari kwa mstari. Kila deni liwe na jina la mdai, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, tarehe ya rejesho, na kitakachotokea usipolipa. Hicho cha mwisho ndicho kinachopanga foleni: kodi ya nyumba, umeme na deni lenye dhamana vinatangulia, kwa sababu ukivikosa unapoteza makazi au mali. Yanayobaki yapange kwa riba, kubwa kwanza. Deni la 100,000 lenye riba ya 10% kwa mwezi, riba hiyo ikiongezwa kwenye deni kila mwezi, linapita 313,000 baada ya miezi 12 bila wewe kukopa hata senti nyingine. Deni la rafiki lisilo na riba linaweza kungoja, ila rafiki mwenyewe aambiwe. Kama kuna mdhamini, asikie kwako kabla hajapigiwa simu na mkopeshaji.

Ukitoa matumizi ya lazima kwenye kipato, kinachobaki ndicho cha wadai, na uahidi pungufu kidogo ya hapo. Watu wengi huahidi rejesho kubwa kwa aibu, wanashindwa mwezi wa pili, na baada ya hapo hakuna anayewasikiliza. Barua yenyewe iwe fupi:

"Nina deni la (kiasi) kwenu. Kwa sasa naweza kulipa (kiasi) kila tarehe 5. Naomba msimamishe riba na adhabu kwa miezi 3. Nimeambatanisha mapato na matumizi yangu. Naomba mnijibu kwa maandishi."

Ukisema uko kwenye matibabu, ambatanisha barua ya mshauri nasaha. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa, kwenye orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11.

Mkopo mmoja wa kumaliza mikopo yote unafaa pale tu ile ya zamani inapofungwa kabisa. Usiweke nyumba rehani ili kulipa deni lisilo na dhamana. Na anayedai ada ya mapema ili akurudishie hela za kubeti ni tapeli.

Familia ikitaka kuchangia, imlipe mdai moja kwa moja, kidogokidogo, bila kumpa mhusika fedha mkononi.

Tiba iende sambamba na malipo. Tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia inasaidia wengi, na Gamblers Anonymous, vikundi vya waraibu wa kamari wanaosaidiana, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957, havina ada. Ndugu nao wana vikundi vyao, Gam-Anon. Kama hamu ya kubeti ilianza baada ya kuandikiwa dawa za Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) kama pramipexole, mweleze daktari haraka, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuisababisha. Usiziache mwenyewe.

Mawazo ya kujiua yakija, habari ya wadai iwekwe kando. Mtu asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na akiteleza akabeti tena, amwambie anayeshika kadi siku hiyohiyo. Kisha tafuteni penye mwanya: laini mpya, akaunti ya jina la ndugu, au mkopo ambao haukuandikwa kwenye orodha. Zibeni hapo, na rejesho la tarehe 5 liende kama lilivyopangwa.