Nakuru hadi Kisumu, mita ya unene mkononi

Gari lilitoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa tunakwenda kupima mabomba, boila na tangi za viwandani, kuona chuma kimeliwa kiasi gani. Nyuma kulikuwa na vifaa viwili vya kupimia unene wa chuma, yaani mita, probu nne (vichwa vya mita vinavyogusishwa kwenye chuma), grainda, brashi za waya, msasa, chaki ya mafuta na galoni ya gliserini. Mbele kwa dereva, ndani ya kitambaa kikavu, kulikuwa na kipande cha chuma chenye ngazi tano: milimita 2.5, 5, 7.5, 10 na 12.5. Hicho hakichanganywi na vyuma vingine. Kikishika kutu, huna tena cha kusawazishia mita.

Mita yenyewe haipimi unene, inapima muda. Probu hutuma sauti ambayo sikio halisikii, inapenya chuma, inagonga ukuta wa ndani na kurudi. Mita huzidisha muda huo kwa kasi, kisha hugawa kwa mbili. Katika chuma cha kawaida kasi ni kama mita 5,920 kwa sekunde, hivyo bomba la inchi nane lenye ukuta wa milimita 8.18 hujibu kabla sehemu tatu za milioni ya sekunde hazijaisha. Ukisahau kasi hiyo kwenye mita halafu upime chuma cha pua, namba itatokea vilevile, imetulia kabisa, na itakuwa ya uongo.

Salgaa tuliipita kukiwa bado giza, tukifuata foleni ya malori. Upande huu wa juu, Sinendet, ndiko bomba la mafuta litokalo Nairobi linakogawanyika, tawi moja likienda Eldoret na jingine Kisumu. Bomba lililofukiwa hivyo halipimwi kwa mkono ila pale linapochomoza kwenye vali. Kwingine hupitishwa chombo ndani, kinachosukumwa na mafuta yenyewe, na mafuta hayohayo ndiyo yanayobeba sauti kutoka kwenye probu hadi ukutani. Sisi hutumia gliserini kwa kazi hiyohiyo, kwa sababu hewa nyembamba kama karatasi ikibaki kati ya probu na chuma, hakuna kinachopita.

Kericho kazi ilikuwa ya mvuke, kwenye kiwanda cha majani chai. Bomba limevalishwa sufi ya kutunza joto na gamba la bati, na watu wengi hudhani kutu iko ndani tu. Maji ya mvua huingia kwenye maungio ya bati, sufi hunywa, na bomba huliwa kutoka nje bila mtu kuona. Kwa hiyo tulikata madirisha madogo upande wa chini na karibu na vishikio, si juu kwenye pakavu panapofikika kirahisi. Mvuke wa bar 6 una joto la takriban nyuzi 165, na probu ya kawaida huanza kuharibika ikizidi nyuzi 50 hivi. Tulifunga ya joto kali, tukapaka jeli yake kwenye uso wa probu, tukabana si zaidi ya sekunde tano, tukagandisha namba, tukainua. Kisha probu ikapumzika hadi ivumilike mkononi. Chuma cha moto hupunguza kasi ya sauti, na kwa kila nyuzi 55 zinazoongezeka mita huzidisha unene kwa takriban asilimia moja. Ilipotuonyesha 8.0, tuliandika 7.8.

Rangi nayo hudanganya. Sauti huenda taratibu ndani yake, hivyo rangi ya nusu milimita huongeza zaidi ya milimita moja kwenye kioo. Ama unaikwangua, ama unatumia mpangilio wa mwangwi kwa mwangwi, ambapo mita huhesabu muda kati ya mwangwi mmoja wa ukuta na unaofuata, na rangi haihesabiwi.

Tulishuka hadi Kipsitet, tukakata kulia kuelekea ukanda wa miwa. Joto likapanda, madirisha yakafunguliwa. Kiwanda tulichoingia kilikuwa kwenye matengenezo, boila imepoa, na ndani ya tanuri majivu yamefika kwenye vifundo vya miguu. Boila hizi huchoma makapi ya miwa, na makapi huja na mchanga wa shambani. Mchanga huo, ukirushwa na moshi, huisugua mirija kama msasa. Safu za kwanza zinazopokea moshi na mirija iliyo jirani na vipulizia masizi ndizo huisha mapema.

Mirija ilipokuwa mipya ilikuwa na ukuta wa milimita 4. Mmoja tuliufuata kutoka juu, kila sentimita kumi: 2.1, 1.8, 1.6. Halafu 2.7.

"Fundi, mbona hapa imepona?" akauliza mzee wa boila, akiwa ameshika taa.

Chuma hakinenepi. Probu tuliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, haishuki chini ya milimita 1.5. Ukuta ukiwa mwembamba kuliko hapo, huukosa mwangwi wa kwanza na kuhesabu wa pili, na namba inakuwa mara mbili. Tukabadilisha kwa probu ndogo ya megahezi 10: 1.3. Mzee akauchora msalaba mrija mzima kwa chaki bila kuambiwa. Jambo jingine kwenye mirija ni mwelekeo: mstari unaogawa uso wa probu lazima ukatize mrija, usilale nao, la sivyo namba inachezacheza.

Mabomba ya juisi yalitukwaza kwa sababu tofauti. Rekodi ya miaka mitatu nyuma iliandika "kiwiko, karibu na ukuta, 6.0". Kiwiko ni pale bomba linapopinda, lakini ukuta gani? Upande wa nje wa kiwiko, ambao ndio huliwa, au wa ndani? Tulipata 5.1 mgongoni, yaani upande wa nje. Ikiwa ni pale pale, kinapotea milimita 0.3 kwa mwaka, na kwa unene wa chini unaokubalika wa 3.9 kimebaki na miaka minne. Kingerudiwa kupimwa baada ya miwili. Ikiwa si pale pale, hesabu hiyo ni mapambo. Safari hii tulipiga nukta kwa rangi, tukaandika kama saa: mgongo ni saa kumi na mbili, ukitazama mtiririko unakoenda.

Tangi la molasi lilikwenda haraka, pointi arobaini, ukuta mzima.

Tukiwa langoni saa kumi na moja jioni, tulirudisha probu kwenye kipande cha ngazi, kama inavyopasa kabla ya kuondoka. Ngazi ya 10 ikasoma 10.3. Uso wa probu ulikuwa umelika upande mmoja. Mara ya mwisho ilikuwa imesoma sawa saa nane, kabla ya tangi. Dereva akazima injini. Tukashusha ngazi ya kupandia, tukafunga probu mpya na kuisawazisha, tukaanza tangi upya kutoka pointi ya kwanza, na Mamboleo, mlangoni mwa Kisumu, tuliipita saa tatu usiku.