Nilivyomtuma Shangazi kwa Baba

Baba hakuwahi kunichapa kwa ajili ya masomo. Alinisifia tu, na sifa zile ndizo zilizonikaba. Fimbo utaikimbia, mzazi anayekusifia mbele za wageni utamjibu nini? Tangu shule ya msingi, nyumbani kwetu Songea mimi nilikuwa "daktari". Nilipofika kidato cha nne akanishonea koti la maabara, mfukoni fundi ametarizi "Dkt." kwa uzi wa bluu. Nililivaa kwenye praktiko ya Kemia tumbo likinisokota, wenzangu wakiniomba niwaandikie dawa.

Matokeo yakatoka: wani ya 15, yaani daraja la kwanza kwa pointi 15. Mtaani wani ni wani, Baba akagawa soda. Mimi nilikuwa naangalia somo moja moja. Jiografia A, Hisabati B, ila Fizikia, Kemia na Baiolojia zote C, tena C za kukesha. Kwenye selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilikuwa nimejaza PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini baada ya matokeo TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, mtandaoni kabla ya kuwapangia wanafunzi shule, kwa hiyo kuhamia EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ilikuwa kazi ya kumalizia kwenye duka la intaneti. Wapo wanaobadili kimyakimya. Kwetu hilo lingegeuka kesi ya utovu wa adabu, na hoja yenyewe isingesikilizwa tena.

Nikampigia Shangazi, Mbinga. Ni dada mkubwa wa Baba, na ndiye pekee anayeweza kumwambia "kaa chini" naye akakaa. Nikamwomba aje dirisha halijafungwa.

Alikuja, akala, akasubiri taarifa ya habari iishe. "Mdogo wangu, hebu msikilize mtoto."

Nikaweka matokeo mezani. "Baba, udaktari siudharau. Ila PCB ni kubeba matatu yanayonitoa jasho na kuacha mawili ninayoyaweza."

Baba akaanza habari za kujituma. Shangazi akamkatiza: "Na wewe marehemu mzee alitaka uwe padri. Nani alitoroka seminari juu ya lori la mkaa?" Mama alicheka mpaka akatoka nje.

Usiku ule Baba hakukubali. Alisema "tutaona", na kwa siku kadhaa shikamoo yangu ikawa inaitikiwa kwa marahaba ya puani. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga viatu: "Hiyo EGM, mtu anakuwa nani?" Nikamtajia benki, mipango miji, takwimu. Akatoa hela ya intaneti.

Baada ya kidato cha sita nikasomea takwimu Changanyikeni, Dar es Salaam, kwenye Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika. Baba huwaambia majirani nafanya "mambo ya sensa", na hayuko mbali sana na ukweli. Shangazi nilimnunulia kitenge kwa mshahara wa kwanza. Anasema nisimsahau na mwakani, maana mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha tatu na Baba ameshamchagulia uhandisi.